Unga wa Nyumbani

"Mama Gwiza, chakula ya mwisho bwana yako alikula yenye ilitoka nje ya nyumba yako, ilikuwa ya nani?"

Pulchérie aliniuliza hivyo siku ya tatu ya matanga, tukiwa tumekaa mkekani wanawake kumi na wawili wa mtaa, sahani za wali na maharage zikiwa bado zinazunguka. Hakupaza sauti. Aliuliza huku anajifuta mikono kwa kitenge chake, kama mtu anayeulizia njia ya kwenda sokoni. Lakini wenzake wote waliacha kutafuna.

Nilifikiri kwanza, maana sipendi kusema uongo. Bahizi, mume wangu, wiki mbili za mwisho alikuwa hawezi kula. Kitu kimoja tu ndicho kilichokubali kukaa tumboni mwake: uji mwembamba wa tangawizi aliokuwa akiletewa na jirani yetu wa ukuta mmoja.

"Kaltumu," nikasema. "Uji."

Sikuongeza neno. Sikusema kwamba ni mimi mwenyewe niliyekwenda kumwomba Kaltumu huo uji. Sikusema kwamba Bahizi alianza kuumwa mwezi wa tatu, na uji ulianza mwezi wa kumi. Nilisema kweli, nikaishia hapo. Pulchérie akageuza shingo, akautazama ukuta wa Kaltumu kuanzia juu mpaka chini.

"Donc ni hivyo," akasema, na sahani zikaendelea kuzunguka.

Hapa kwetu Gisenyi mtu akikonda huku tumbo linakua, hatusemi anaumwa. Tunasema amepewa: mtu kamtilia kitu kwenye chakula. Bahizi alikuwa fundi cherehani, na suruali zake mwenyewe alizipunguza kiuno mara tatu mwaka ule. Miguu ikawa kama vijiti vya mwavuli, tumbo likatangulia mbele, macho yakageuka manjano. Hatukwenda hospitali. Tulikwenda Busasamana, kwa mzee anayetapisha watu. Alimchemshia mizizi, Bahizi akatapika asubuhi, akatapika mchana, na siku ya tatu akatapika kitu cheusi kama makapi ya kahawa. Mzee akatazama ndani ya beseni kwa muda mrefu.

"Ni ya mwanamke," akasema. "Wa karibu."

Hatimaye tulipofika hospitali walisema ni saratani ya ini, na kwamba tumechelewa. Wakaandika hivyo kwenye karatasi. Mtaani hakuna aliyeomba kuiona karatasi.

Kaltumu alikuwa mtu wa ukoo wa zamani hapa mjini, Waislamu waliouza nguo karibu na ziwa tangu enzi za babu zao. Mume wake alikufa kwenye lori. Alibaki na binti mmoja, Immy, wakati huo ana miaka kumi na sita, na alimsomesha kwa sambusa na chapati alizouza getini kwake. Bahizi ndiye aliyemshonea Immy sare za shule tangu darasa la kwanza. Sikukuu zao tulikula pilau yao, Krismasi yetu walikula mchele wetu. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka kumi na nane.

Baada ya matanga watu walianza kuvuka barabara wakifika getini kwake. Huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue kwamba hakina kitu. Kaltumu akaanza kuonja kila kilichotoka mkononi mwake. Mteja akisimama, Kaltumu anakata pembe ya sambusa, anatafuna, anameza, anafungua kinywa aonekane. Mteja anasema, "Nitarudi." Ikifika jioni amekula biashara yake yote mwenyewe, pembe kwa pembe. Mwezi haukuisha akazima jiko. Kuna waliotupa mawe juu ya mabati yake. Immy aliacha shule, kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja wala kuchota maji kwenye ndoo aliyoigusa.

Sikukuu iliyofuata alikuja na sahani ya pilau kama kila mwaka. Alisimama mlangoni pangu, akala vijiko vitatu nikimtazama.

"Mama Gwiza, we unanijua," akasema.

Nilipokea sahani kwa mikono miwili, nikamshukuru. Alipogeuka, kabla hajafika getini, niliimwaga yote kwenye mtaro wa maji machafu, na nikaikwangua sahani kwa kijiko taratibu. Nilitaka asikie. Alisikia. Hakugeuka.

Kazi yangu mimi ni karanga. Magunia hutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Goma, yanavuka kizuizi cha Petite Barrière migongoni mwa wanawake, mengine yamenyeshewa, mengine yamelala sakafuni wiki nzima yakisubiri. Nakaa mbele ya nyumba na ungo wangu, nachambua mara tatu. Mara ya kwanza mawe na maganda. Mara ya pili zilizovunjika. Mara ya tatu naangalia moja moja: zilizonyauka, zilizopiga weusi, zenye vumbi la kijani kama lile la mkate uliosahauliwa kabatini. Wauzaji wengine zile mbaya wanazisaga.

"Saga tu," Pulchérie aliniambia zamani, naye pia alikuwa anauza. "Ikikuwa unga, nani ataona?"

"Mungu ataona."

"Eh bien, Mungu haji kununua unga kwangu!" Akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "We Mama Gwiza na Kiswahili yako ya redio. Mulirudi toka Tanzania na magodoro na Biblia, sasa munataka kutufundisha hata karanga!"

Sikumjali. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumuuzia mtu karanga moja mbovu, wala kijiko kimoja cha unga wake. Hoteli za ufukweni zilituma watu kwangu. Masista walituma watu kwangu. Mchungaji aliwahi kusimama madhabahuni akasema anayetaka kujua uaminifu ukoje aende akatazame ungo wa Mama Gwiza. Niliinamisha kichwa, lakini nilisikia.

Ila chakula cha Mungu hakitupwi. Nimekulia Karagwe, najua njaa inavyonuka. Zile mbaya nilizichukua nyumbani. Nilizikosha, nikazianika, nikazikaanga sana mpaka uchungu ukatoka, nikazisaga peke yake. Unga wa kuuza nikauweka kwenye kopo jeupe, unga wa nyumbani kwenye kopo jekundu, ili visichanganyike hata siku moja. Ule mwekundu tuliutia kwenye sombe ya majani ya mihogo, kwenye uji wa asubuhi, kwenye mchuzi wa mchicha tunaouita dodo. Bahizi alishinda nyumbani kwenye cherehani yake, akala mchana na jioni, na aliupenda.

"Wateja wanakula karanga zenye wazazi," alikuwa akinitania. "Mimi na Gwiza tunalea yatima."

Mimi niliula kidogo sana. Karanga hunipa kiungulia, na kila Jumatano na Ijumaa nafunga.

Miaka sita baada ya kumzika Bahizi, binti yetu Gwiza alikwenda kutoa damu. Anafanya kazi ya makaratasi ya mizigo karibu na Grande Barrière, na pale ofisini kwao watu walipita kuomba damu. Baada ya wiki moja walimpigia simu. Damu yake haikufaa, ina virusi vya homa ya ini. Hospitali wakampaka mafuta tumboni, wakatazama kwenye mashine, wakaona ini lina makovu na doa moja dogo. Ana miaka ishirini na saba.

Nilitaka twende Busasamana siku ileile. Gwiza akanitazama kama ananiona mara ya kwanza.

"Kwa yule aliyemtapisha baba damu?"

"Ni ugonjwa uleule, mwanangu. Mkono uleule."

"Mama, nakwenda kwa daktari. Ukitaka kuja, vaa viatu."

Nikavaa viatu.

Daktari Mutabazi alikuwa kijana mwenye sauti ndogo, mzaliwa wa Uganda. Kinyarwanda chake kilikuwa cha Mbarara na changu cha Karagwe, kwa hiyo tukaishia kwenye Kiswahili. Alisoma karatasi ya zamani ya Bahizi, ambayo Gwiza alikuwa ameificha ndani ya Biblia yake miaka yote bila mimi kujua. Kisha akauliza tunakula nini. Si leo; miaka yote. Mahindi yanatoka wapi, mihogo inakaushwa wapi, karanga.

"Karanga ndiyo kazi yangu," nikasema.

"Vizuri. Niletee unga kidogo."

"Upi?"

Akainua macho. "Kwani mna unga wa aina ngapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa furaha, Mungu anisamehe, nikidhani anaona yale aliyoyaona mchungaji. Kopo jeupe la wateja. Kopo jekundu la nyumbani. Ungo mara tatu. Hakuna mtu niliyewahi kumdhulumu. Daktari alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. Gwiza, aliyekaa pembeni yangu, akaweka mkono tumboni, upande wa kulia, chini ya mbavu.

Unga ulipelekwa Kigali kupimwa, wa makopo yote mawili. Baada ya wiki tatu alituita.

"Huu mweupe ni mzuri," akasema. "Mama, ni nadra kuona unga wa karanga safi namna hii sokoni."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Huu mwekundu..." Akageuza karatasi ili Gwiza asome. "Hata kuku nisingempa."

Akaniuliza kama, kwa kuwa niliolewa na fundi, nazijua zile karatasi za kukatia nguo. Nikamwambia nimezifagia miaka ishirini na minne.

"Basi ndani ya kila chembe ya mwili kuna karatasi kama hiyo. Vinasaba, DNA. Chembe ikitaka kuzaa nyingine, inakata kwa kufuata karatasi. Ule ukungu wa kijani unatengeneza sumu, wanaiita sumukuvu. Ukiila inafika kwenye ini, kwa kuwa ini ndilo linalosafisha. Sasa ubaya uko hapo. Ikiwa bado haijaguswa, haina nguvu kubwa. Ini likijaribu kuivunja ndipo inapata meno. Inakwenda inajibandika juu ya karatasi, kama gundi. Chembe ikikata nguo mpya, inakosea mahali palepale."

"Halafu?" Gwiza akauliza.

"Nyingi zinakufa. Kuna kama mlinzi kwenye hiyo karatasi. Kazi yake kukagua. Akiona imeharibika kiasi kwamba haitengenezeki, anaiamuru chembe ijiue. Makovu tuliyoyaona kwenye ini lako ni mahali chembe zimekufa kwa wingi, zikifa kila siku kidogo kidogo. Lakini sumu hii ina tabia ya kumpiga mlinzi mwenyewe. Akishakuwa hayupo, chembe mbovu haifi. Inazaa mbovu mwenzake, na yule anazaa. Hiyo ndiyo saratani. Na kama kwenye ini hilohilo kuna virusi vya homa ya ini, kama wewe, kama baba yako, vinasaidiana."

"Nilizikaanga," nikasema. "Nilizikaanga sana."

"Moto unaua ukungu, mama. Sumu inabaki. Ulichokuwa unaondoa ni ule uchungu ambao ungewafanya wateme."

Nje mtu alikuwa anaita namba za wagonjwa.

"Kwa hiyo baba..." Gwiza akasema.

"Siwezi kuapa juu ya marehemu ambaye sikumpima. Ila kama ningeambiwa nitafute kilichomuua, nisingetoka nje ya jiko lake."

Kuhusu Gwiza alisema lile doa watalitazama kila baada ya miezi mitatu, na kuna dawa ya virusi, na kwamba asile tena hata kijiko. Alimwambia yeye, si mimi.

Njiani Gwiza hakulia. Tulipofika kwenye kona ya nyumbani, ukuta wa Kaltumu ukaonekana, na maneno yaliyokuwa yamechorwa juu yake kwa mkaa, yaliyofutwa na kuchorwa tena mara nyingi.

"Mama. Utamwambia lini Mama Immy?"

"Tuingie kwanza ndani."

"Nimeuliza lini."

"Wewe pumzika. Umesikia daktari, unahitaji kupumzika."

Niliumwaga unga mwekundu chooni, nikalisugua kopo kwa mchanga. Zile karanga mbaya nikaanza kuzifukia. Wiki ikapita, na nyingine. Gwiza alikula peke yake, chakula alichojipikia kwa sufuria aliyoinunua mpya. Kila jioni akitoka kazini alinitazama, mimi nikatazama ungo. Nilikuwa nimeshafikiri yote. Kama si Kaltumu, Pulchérie angeuliza ni nini basi, na sipendi kusema uongo. Ningesimama kwenye kwaya, safu ya mbele, na kila mwanamke aliye nyuma yangu angejua kwamba mume wangu nilimpakulia mwenyewe, mchana na jioni, nikimwombea chakula baraka kabla hajala. Na hoteli, na masista, nani angeamini habari za makopo mawili?

Siku ya Jumatatu alasiri Kaltumu alibisha hodi getini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile sahani. Amezeeka, shingo imekuwa nyembamba. Alikaa ukingoni mwa benchi, hakuegemea.

"Sikukuja na vita," akasema. "Immy amepata mutu. Sulaiman, iko anauzisha vitenge kule Goma. Ni muvulana muzuri, anamupenda. Lakini familia yake bamesikia maneno. Shangazi yake ndiye mukubwa wao, akisema hapana ni hapana. Anakuja siku ya ine, Alhamisi. Atapita kwako, kwa sababu maiti ilikuwa yako."

Niliendelea kuchambua.

"Mi siombi unipende," akasema. "Siombi hata unisafishe. Akikuuliza, sema tu haujui. Neno moja, Mama Gwiza. Immy iko na miaka makumi mbili na mbili. Shule alipoteza. Barafiki alipoteza. Huyu bwana asimupoteze."

Gwiza alikuwa amesimama mlangoni, mkono chini ya mbavu. Nilijua anasubiri nini.

"Nitasema kile ambacho Mungu ataweka kinywani mwangu," nikamjibu.

Kaltumu akanyanyuka, akajifunga mtandio vizuri.

"Mungu wako na wangu ni moja," akasema. "Usimutume kazi yako." Kisha akamgeukia Gwiza, na sauti ikabadilika. "Mutoto, mbona umekonda hivi? Unakula?"

Gwiza akamwitikia kwa kichwa. Kaltumu akatoka.

"Mwite," Gwiza akaniambia. "Mwite sasa hivi, mwambie. Bado yuko getini."

"Punguza sauti."

"Mimi unga wako ninao ndani ya ini, Mama. Huo hautoki tena. Lakini huyu ana mzigo wako mwingine, na huo unaweza kumtua kwa neno moja."

"Alhamisi nitasema."

"Utasema nini?"

"Kweli. Lini umenisikia nasema uongo?"

Akaamua kuniamini. Nililiona hilo usoni mwake. Alhamisi hakwenda kazini. Alivaa gauni lake la kanisani, akakaa karibu yangu mbele ya nyumba, akachukua ungo wa pili na kuanza kuchambua pamoja nami, jambo ambalo hakulifanya tangu tulipotoka kwa daktari.

Saa nne harufu ya pilau ikaanza kuvuka ukuta. Kaltumu alikuwa anapika. Alidhani mgeni akitoka kwangu ataingia kwake. Nikasikia na sauti ya Immy, anacheka, anamwambia mama yake iliki imezidi.

Pulchérie alikuja kuazima ungo, akaona viti vimepangwa, akasahau alichofuata. "Bon, mi nitakaa kidogo tu," akasema, akavuta kigoda.

Shangazi wa Sulaiman alifika kwa pikipiki, kitenge cha vipande vitatu, miwani ya dhahabu, mkoba mkubwa. Hakutaka kuingia ndani. Nikamfungulia Fanta, akanywa. Akachota karanga kwenye ungo wangu, akatafuna.

"Karanga yako ni tamu, mama. Hata kule Goma banakutaja. Banasema mwanamuke ule hadanganyi."

"Ni neema ya Mungu."

"Ndiyo maana nilikuja kwako, si kwa mukubwa wa kijiji, si kwa nani." Akajifuta vidole. "Sitaki kukupotezea wakati. Batu banasema mama ya Immy ni mulozi, ati aliua bwana yako. Kinywa ya mutaa siitaki. Nataka yako. Ni kweli?"

Pulchérie alisogeza kigoda karibu. Upande wa kushoto mikono ya Gwiza ilisimama juu ya ungo. Nyuma ya ukuta mwiko uligonga sufuria mara mbili, kisha na wenyewe ukanyamaza; Kaltumu na Immy walikuwa wanasikiliza.

Neno la Kaltumu lilikuwa palepale, fupi. Haujui. Lakini nilijua. Nikisema sijui, nimedanganya. Nikisema si kweli, swali litakalofuata nalijua pia, na Pulchérie amekaa pale kigodani, na jibu lake lingefika sokoni kabla ya jua kuwa utosini.

"Mama yangu," nikasema, "mimi nilishamsamehe."

Shangazi akafumba macho. Akatikisa kichwa polepole, juu na chini.

"Merci," akasema. "Merci, mama. Mungu akubariki kwa huo moyo."

"Amina," Pulchérie akasema.

"Shangazi, ngoja." Gwiza alikuwa ameinuka nusu, ungo bado magotini. "Ngoja nikuambie. Baba yangu..."

Nikaweka mkono wangu juu ya bega lake, kwa upole, na nikamkalisha.

"Huyu binti yangu ni mgonjwa," nikamwambia mgeni. "Ini, kama la baba yake. Walikuwa wanakula pamoja. Umsamehe, kuongea kunamchosha."

"Ayiwe!" Mgeni akarudi nyuma na kiti chake. "Na mutoto pia?"

"Na mutoto!" Pulchérie akapiga makofi ya mshangao. "Yesu we, mi sikujua! Mama Gwiza, umenyamaza na mambo kama haya?"

Kila nilichosema kilikuwa kweli.

Shangazi alikuwa ameshatoa simu. "Allo, Sulaiman? Rudi nyumbani. Uko kwenye barrière? Usivuke. Nimesema usivuke, rudi." Akafunga mkoba. Chupa ya Fanta aliiacha nusu. Mwenye pikipiki akawasha moto, wakapita mbele ya geti la Kaltumu, ambapo Immy alikuwa amesimama na gauni la kijani na mtandio mpya, mikono ameikunja mbele, tayari kupokea mgeni. Pikipiki haikupunguza mwendo. Immy akaitazama mpaka ikakata kona, kisha akabaki anatazama kona.

"Basi ulishamusamehe," Pulchérie akasema. "Ni vizuri. Mi nisingeweza."

Upande wa pili wa ukuta mtu aliondoa sufuria motoni. Hakuna aliyelia. Nilikuwa nasubiri kilio, hakikuja.

Gwiza alikuwa bado amekaa. Alikuwa anazitazama karanga zilizobaki kiganjani mwake kama mtu anayesoma. Kisha akazimwaga ardhini, akauweka ungo chini, akakung'uta maganda kwenye gauni.

"Kaa," nikamwambia. "Gunia la pili hatujalianza."

Akavaa kandambili zake, akanipita bila kunigusa, akafungua geti na kutoka, akielekea geti la Kaltumu.